fzf kwenye mstari wa amri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara mtu mpya anapokutana na fzf. Yanaanza na ya msingi, na yale magumu yako mwishoni. Kama umeshaisakinisha na shida yako ni kwamba Ctrl-R (mkato wa kutafuta amri za zamani) haijabadilika, nenda moja kwa moja swali la 8.

## Ya msingi

1. fzf ni nini hasa?

Ni programu ndogo inayopokea orodha ya mistari, inakuachia uandike herufi chache, kisha inakurudishia mstari uliouchagua. Kazi yake ni hiyo tu. Orodha inaweza kuwa ya mafaili, ya amri ulizowahi kuandika, ya matawi ya git, au ya wateja wa duka lako. fzf haijali mistari inatoka wapi wala inakwenda wapi.

Ukilishika hilo mapema, mengi ya hapa chini utayaelewa bila kuelezwa. fzf haifungui faili, haifuti faili na haibadilishi kitu chochote. Inachagua tu. Kinachotokea baada ya hapo ni kazi ya amri uliyoiunganisha nayo.

Jina hutamkwa herufi moja moja. Ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kitafutaji kinachokisia.

2. Nani aliitengeneza, na ni ya bure kweli?

Ilianzishwa mwaka 2013 na Junegunn Choi, mtayarishaji programu kutoka Korea Kusini. Mwanzoni iliandikwa kwa lugha ya Ruby, na mwaka 2015 ikaandikwa upya kwa Go. Ndiyo maana siku hizi ni faili moja tu lisilohitaji kitu kingine pembeni. Ni programu huria chini ya leseni ya MIT: unaitumia, unaigawa na unaibadilisha bila kulipa, hata kazini.

3. Kwa nini nisitumie find na grep nilizozizoea?

Endelea kuzitumia. find inatafuta kwa masharti unayoyajua kabla ya kuanza, na grep inataka uandike neno lenyewe. fzf ni ya wakati ule unapokumbuka nusu: unajua faili lilikuwa na "mapato" na "machi", lakini hukumbuki folda wala mpangilio wa jina. Zaidi ya hayo, zinafanya kazi pamoja vizuri sana; namna ya kuunganisha amri nyingine na fzf iko swali la 15.

## Kusakinisha

4. Naisakinishaje?

Kwenye Debian na Ubuntu:

```
sudo apt install fzf
```

Fedora ni `sudo dnf install fzf`, Arch ni `sudo pacman -S fzf`, Mac yenye Homebrew ni `brew install fzf`, na Windows ni `winget install fzf`. Kwa Windows, ushauri wangu ni kuitumia ndani ya WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), kwa sababu vitufe vya mkato vinavyokuja na fzf vimetengenezwa kwa ajili ya maganda (shell, yaani programu zinazopokea amri unazoandika) ya bash, zsh na fish.

Ukitaka toleo jipya kuliko lile la apt (na swali la 9 litakuonyesha kwa nini unaweza kulitaka), njia ni hii:

```
git clone --depth 1 https://github.com/junegunn/fzf.git ~/.fzf
~/.fzf/install
```

Itakuuliza maswali mawili matatu. Jibu `y` yote kama huna sababu ya kukataa.

5. Inafanya kazi kwenye simu?

Ndiyo, ndani ya Termux kwenye Android: `pkg install fzf`. Wanafunzi wengi wa kwetu wanajifunza mstari wa amri kwa simu kabla ya kumiliki kompyuta, na fzf inawafaa kuliko mtu yeyote, kwa sababu kuandika amri ndefu kwa kidole gumba kunachosha.

Swali linalofuata huwa ni "Ctrl iko wapi?" Tumia safu ya vitufe vya ziada iliyo juu ya kibodi ya Termux. Au shikilia kitufe cha kupunguza sauti badala ya Ctrl: punguza sauti pamoja na R ni sawa na Ctrl-R. Ongeza sauti pamoja na T ni Tab, na ongeza sauti pamoja na E ni Esc.

6. Kompyuta ninayotaka kuiwekea haina intaneti. Nifanyeje?

Hapa ndipo faili moja linapokuwa baraka. Kwenye mashine yenye intaneti, nenda ukurasa wa matoleo wa `junegunn/fzf` ndani ya GitHub, upakue kifurushi kinacholingana na prosesa ya mashine lengwa. Kikiwa kimebanwa hakifiki MB 5, kwa hiyo hata bando la siku linatosha. Kipeleke kwa flashi, kisha:

```
tar xzf fzf-*-linux_amd64.tar.gz
mkdir -p ~/.local/bin
mv fzf ~/.local/bin/
chmod +x ~/.local/bin/fzf
```

Usijaribu kuliendesha likiwa ndani ya flashi yenyewe. Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT au exFAT, ambao hautunzi ruhusa za kuendesha programu. Lihamishie nyumbani kwako kwanza.

Ukiambiwa `Exec format error`, umechukua kifurushi cha prosesa nyingine. Andika `uname -m`: `x86_64` inataka amd64, `aarch64` inataka arm64, na `armv7l` inataka armv7.

7. Naambiwa "fzf: command not found" wakati nimeiweka.

Ganda lako halijui pa kuitafuta. Kwenye Ubuntu, `~/.local/bin` huongezwa kwenye PATH (orodha ya folda ambamo ganda hutafuta programu) unapoingia, tena ikiwa folda hiyo tayari ipo. Kama umeitengeneza sasa hivi, toka kabisa na uingie upya. Ikigoma, ongeza mstari huu kwenye `~/.bashrc`, kisha fungua terminali mpya:

```
export PATH="$HOME/.local/bin:$PATH"
```

## Kuiunganisha na ganda

8. Nimesakinisha, lakini Ctrl-R ni ileile ya zamani.

Kwa wengi, kusakinisha peke yake hakuwashi vitufe vya mkato. Lazima uliambie ganda. Kwa bash, weka mstari huu mwishoni mwa `~/.bashrc`:

```
eval "$(fzf --bash)"
```

Kwa zsh, kwenye `~/.zshrc`, ni `source <(fzf --zsh)`. Kwa fish, kwenye `config.fish`, ni `fzf --fish | source`. Kisha fungua terminali mpya.

Nasema mwishoni kwa makusudi. Programu-jalizi nyingine, hasa zile za zsh zinazoleta vitufe vya vi, hukamata Ctrl-R kwa ajili yake, na anayekuja mwisho ndiye anayeshinda. Hujui ganda lako ni lipi? Andika `echo $SHELL`.

9. Napata "unknown option: --bash".

Hili ndilo swali linaloongoza kwa kurudiwa, na kosa si lako. Chaguo hilo lilianza toleo la 0.48, lakini Debian 12 inakuja na 0.38, na Ubuntu 24.04 inakuja na 0.44. Thibitisha lako kwa `fzf --version`.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuondoa lile la apt na kusakinisha kwa git kama swali la 4. Ya pili ni kubaki nalo na kutumia faili la vitufe ambalo Debian na Ubuntu wanaliweka pamoja na kifurushi:

```
source /usr/share/doc/fzf/examples/key-bindings.bash
```

Kama uko ndani ya kontena la Docker na faili hilo halipo, sababu ni kwamba picha ndogo za Debian na Ubuntu huacha kusakinisha yaliyomo `/usr/share/doc` ili kuokoa nafasi. Humo ndani tumia njia ya git.

## Matumizi ya kila siku

10. Vitufe ni vingi. Nianze na kipi?

Ctrl-R, na ukae nacho wiki nzima kabla ya kugusa kingine. Hata fzf isingekuwa na kitu kingine chochote, hiki kingetosha.

Chukua hali hii. Mwezi wa sita uliandika amri ndefu ya kunakili hifadhidata ya duka. Leo unaihitaji tena, na unachokumbuka ni kwamba ilikuwa na "dump" na "gz". Bonyeza Ctrl-R, andika `dump gz`, na skrini inakuonyesha hivi:

```
  mysqldump duka > jaribio.sql; gzip jaribio.sql
▌ mysqldump --single-transaction duka | gzip > duka_juni.sql.gz
  2/960
> dump gz
```

Namba 2/960 maana yake mistari miwili kati ya 960 ndiyo iliyolingana. Unapanda na kushuka kwa vishale, unabonyeza Enter, na amri inatua mbele yako ikiwa haijaendeshwa. Unaweza kuirekebisha, kubadili juni kuwa agosti, kisha Enter ya pili ndiyo inayoiendesha. Wanaoanza huogopa kwamba watarusha amri ya hatari kwa bahati mbaya. Kwenye bash na zsh, kwa mipangilio ya kawaida, hilo halitokei.

Ganda lenyewe ndilo linalotunza historia, na kwa Ubuntu bash hubakiza amri 1000 tu. Ongeza hizi kwenye `~/.bashrc`, maana historia fupi inainyima fzf nguvu yake:

```
HISTSIZE=50000
HISTFILESIZE=100000
```

11. Ctrl-T na Alt-C zinafanya nini?

Ctrl-T inachomeka jina la faili pale kishale kilipo. Andika `cp `, bonyeza Ctrl-T, chagua faili, endelea na amri yako. Majina yenye nafasi huwekewa kinga yenyewe. Alt-C inakuhamishia kwenye folda uliyoichagua.

Kwenye Mac, Alt-C huandika ç badala ya kufanya kazi. Ndani ya Terminal ya Apple, fungua mipangilio ya kibodi ya wasifu wako na uwashe chaguo la kutumia Option kama kitufe cha Meta. Kwenye iTerm2, weka kitufe cha Option cha kushoto kuwa `Esc+`.

12. Naandikaje ninachotafuta?

Herufi zinatakiwa zifuatane kwa mpangilio, lakini si lazima ziwe jirani. Faili `taarifa_ya_mapato_machi_2024.xlsx` linapatikana kwa `mapmac`. Ukiweka nafasi, kila kipande kinatafutwa peke yake na mpangilio hauhesabiki, kwa hiyo `2024 mapato` nayo inalileta.

Herufi ndogo tupu hulingana na ndogo na kubwa. Ukiweka hata herufi kubwa moja, kipande hicho kinaanza kuzitofautisha. Alama zenye kazi maalumu ni hizi:

```
'mapato         neno hilo kamili, bila kukisia
^taarifa        linaanza hivyo
.pdf$           linaishia hivyo
!nakala         lisiwe na neno hilo
.jpg$ | .png$   mojawapo
```

Ninayoitumia zaidi ni `!`. Matokeo yakijaa takataka, kuondoa neno moja ni rahisi kuliko kuongeza mawili.

13. Vipi maneno yenye ng', kama ng'ombe? Si alama hiyo ina maana maalumu?

Ina maana maalumu inapokuwa mwanzoni mwa kipande tu. Katikati ni herufi kama nyingine, kwa hiyo `ng'ombe` inatafutwa kama ilivyo. Lakini mimi huandika `ngombe` na kuendelea. fzf inaruka alama iliyo katikati, nawe huna haja ya kukumbuka kama aliyelipa faili jina alitumia alama iliyonyooka au iliyopinda. Taabu ya alama hiyo iko kwingine: tazama swali la 18.

14. Nyota mbili na Tab ni za nini?

Ni njia ya kukamilisha amri. Andika `nano **` kisha Tab, na orodha ya mafaili inafunguka. `ssh **` na Tab inaleta seva zilizoandikwa kwenye `~/.ssh/config` na `/etc/hosts`. `kill -9 **` na Tab inaleta michakato inayoendelea, na hapo hutahitaji tena kunakili namba ya mchakato kwa macho.

15. Naweza kuitumia kwa orodha yangu mwenyewe?

Ndiyo, na hapo ndipo watu wanapoipenda kweli. Tuseme una `wateja.csv` wenye jina, simu na mtaa, na mstari wa kwanza ni vichwa vya safu:

```
fzf --header-lines=1 < wateja.csv
```

Andika `asha kariakoo` na umempata, hata kama wapo akina Asha arobaini. Mteja yuko kwenye simu anasubiri, na Excel bado haijamaliza kufunguka.

Kwa wanaotumia git, kubadili tawi (xargs ndiyo inayoikabidhi git mstari uliouchagua):

```
git branch --format='%(refname:short)' | fzf | xargs git switch
```

Ukiongeza `-m` kwenye fzf, unaweza kuchagua mistari mingi kwa kuipigia Tab mmoja mmoja.

16. Naweza kuona ndani ya faili kabla ya kulichagua?

```
fzf --preview 'head -50 {}'
```

Mahali pa `{}` panawekwa jina la faili lililo chini ya kishale. Ukitaka rangi, tumia bat: `--preview 'bat --color=always {}'`. Kwenye Debian na Ubuntu amri hiyo inaitwa `batcat`, na wengi hudhani haijasakinishwa kwa sababu hiyo tu.

## Mambo yanapokwama

17. Ctrl-T inaleta mafaili laki kadhaa na mashine inaelemewa.

Angalia uko folda gani kwanza. Ukiwa kwenye `/`, au juu ya folda ya nyumbani yenye miaka kumi ya picha, fzf inapitia vyote. Ingia folda ya kazi ndipo uianzishe. Kwa miradi ya programu, iachie ripgrep (amri ya `rg`, ya kutafuta ndani ya mafaili) itengeneze orodha, kwa sababu inaheshimu `.gitignore` (orodha ya vitu ambavyo git huvipuuza):

```
export FZF_DEFAULT_COMMAND='rg --files'
export FZF_CTRL_T_COMMAND="$FZF_DEFAULT_COMMAND"
```

Mstari wa pili ni wa lazima. Ctrl-T ina kigeu chake, na watu wengi huweka wa kwanza peke yake kisha wakashangaa hakuna kilichobadilika.

18. "xargs: unmatched single quote" ni nini?

Ni ile ng' ya swali la 13. xargs, ikiachwa hivihivi, huzichukulia nafasi na alama za nukuu kuwa zake. Faili `picha za ng'ombe.jpg` linaikwamisha kabisa, na `picha za harusi.jpg` linakatwa vipande vitatu. Kukatwa ndiko kubaya zaidi, kwa sababu hakuleti ujumbe wowote kama vipande hivyo ni majina ya vitu vilivyopo.

Hapa naomba usinielewe kwa wepesi. Niliwahi kuunganisha `fzf -m` na `xargs rm` ndani ya folda yenye faili `ripoti ya mwisho.txt` na faili jingine linaloitwa `ripoti` tu. Lililoondoka ni `ripoti`, kazi ya wiki mbili, na mstari wa amri hauna pipa la taka. Tangu siku hiyo naandika hivi:

```
fzf -m --print0 | xargs -0 ls -l
```

`--print0` na `-0` zinatenganisha majina kwa alama isiyoweza kuwemo ndani ya jina la faili. Anza na `ls -l` uone yaliyochaguliwa. Ukiridhika, ndipo uweke `rm -i --` mahali pa `ls -l`. Ukitumia `-i` ndani ya xargs, ongeza pia `-o` ili swali lake likufikie: `xargs -0 -o rm -i --`.

19. Nikighairi kwa Esc, nano inafunguka na faili tupu.

Kwa sababu `nano "$(fzf)"` inaendeshwa hata kama fzf haikurudisha kitu. fzf hutoa namba ya kutokea: 0 ukichagua, 1 pasipolingana kitu, 2 kukiwa na kosa, na 130 ukighairi. Tumia `&&` uizingatie:

```
fungua() {
  local f
  f=$(fzf) && nano "$f"
}
```

Alama za nukuu kwenye `"$f"` zisiachwe, kwa sababu zilezile za swali la 18.

20. Ctrl-R inaonyesha nywila niliyowahi kuiandika. fzf inaituma popote?

Hapana. fzf inasoma historia iliyomo ndani ya mashine yako na kukuonyesha. Nywila ilikuwemo siku zote, ila sasa imekuwa rahisi kuonekana, na atakayeketi kwenye kiti chako ataiona pia. Ibadilishe nywila hiyo kwanza. Kisha ifute kwenye bash:

```
history | grep mysql
history -d 512
history -w
```

Badala ya 512 weka namba ya mstari wako. Kwenye grep tafuta jina la programu, usiandike nywila yenyewe, la sivyo unaiingiza upya kwenye historia. Kwa siku zijazo weka `HISTCONTROL=ignorespace`, au `setopt HIST_IGNORE_SPACE` kwa zsh, na uanze amri ya siri kwa nafasi moja tupu.

21. Nikiingia seva kwa ssh, vitufe vinapotea.

Uko mashine nyingine yenye ganda lake na historia yake. Isakinishe huko pia. Kama huna sudo, njia ya swali la 6 inafanya kazi bila ruhusa ya msimamizi.

22. Naisasishaje, na naiondoaje?

Ya apt au Homebrew husasishwa pamoja na vifurushi vingine. Ya git:

```
cd ~/.fzf && git pull && ./install
```

Kuiondoa ni `sudo apt remove fzf`, au `~/.fzf/uninstall` kwa ile ya git. Kisha fungua `~/.bashrc` ukatoe mstari wa `eval` ulioandika kwa mkono wako. Ukiusahau, kila terminali mpya itafunguka na "fzf: command not found", na mtu atakayerithi mashine hiyo atahangaika bila kujua ujumbe huo unatoka wapi.